Leseni ya Unix kwa mwenye kompyuta ndogo

Leo tunakwenda sokoni, ingawa bidhaa tunayoitafuta haishikiki mkononi wala haipimwi kwa mizani. Tunatafuta leseni ya Unix, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliozaliwa Marekani mwaka 1969, na swali letu ni lile lile ambalo limewasumbua watu wa mifuko myepesi kwa zaidi ya miaka arobaini: mtu mwenye kompyuta ndogo na fedha kidogo ataipata wapi leseni anayoimudu?

Kwa wale ambao jina hili ni geni kwao, mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimama baina ya mashine na programu nyingine zote. Ndio unaogawa kumbukumbu, ndio unaopanga mafaili katika diski, ndio unaoamua nani apite kwanza na nani angoje. Unix ilipata sifa kwa sababu iliweza kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na kwa sababu iliweza kuhamishwa kutoka mashine ya aina moja hadi ya aina nyingine bila kuandikwa upya yote. Huenda hata wewe unayenisikiliza unatembea na jamaa yake mfukoni, maana simu za Android zina kiini cha Linux, na Linux ni mtoto aliyelelewa kwa desturi za Unix japo hakuzaliwa tumbo moja nayo.

Tuanze na neno lenyewe, leseni. Sisi tumeizoea leseni ya udereva, na leseni ya duka, ile inayotundikwa ukutani karibu na picha ya rais. Leseni ya programu ni ya ukoo huohuo. Anayeilipia hanunui programu; ananunua ruhusa ya kuitumia, na mwenye mali anabaki na mali yake. Maadamu kinachouzwa ni ruhusa, bei yake haifuati uzito wa kitu wala gharama ya kukitengeneza. Inafuata mambo mawili tu: muuzaji anaruhusiwa kudai kiasi gani, na mnunuzi ana pengine pa kwenda au hana. Ndiyo maana programu ileile, bila kubadilika hata herufi moja, iliwahi kuuzwa kwa dola 20,000 kwa kampuni ya biashara, na wakati huohuo ikatolewa karibu bure kwa chuo kikuu.

Hilo linahitaji maelezo. Unix ilitungwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ambazo zilikuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Kampuni hiyo ilikuwa imefungwa mikono. Mwaka 1956 ilikubaliana na serikali ya Marekani, ili kumaliza kesi ya ukiritimba, kwamba haitafanya biashara nje ya mawasiliano. Kwa hiyo vyuo vikuu vilipoanza kuomba nakala za mfumo huu katika miaka ya 1970, AT&T haikuweza kuufanya bidhaa ya dukani. Ilivipa kwa ada ndogo, pamoja na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu kama yalivyoandikwa na mafundi wake, na ikatamka wazi kwamba hakuna dhamana, hakuna msaada wa kiufundi, hakuna marekebisho. Atakayekwama atajikwamua mwenyewe.

Sharti hilo, ambalo lingemkimbiza mnunuzi wa kawaida, lilizaa jamii nzima. Wahadhiri na wanafunzi walilazimika kusaidiana, kupelekeana masahihisho, na kuusoma mfumo mstari kwa mstari. Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, John Lions, aliandika ufafanuzi wa kiini chote cha Unix kwa ajili ya darasa lake. Kisha likaja toleo la saba, mwaka 1979, na leseni yake ikakataza msimbo kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikaenda chini ya maji. Kilisambaa kwa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, mpaka herufi zikafifia, na hakikuchapishwa hadharani hadi mwaka 1996. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba bei kubwa kuliko zote katika leseni si lazima iwe ile inayoandikwa kwa tarakimu. Chuo kililipa ada ileile ndogo, lakini mwanafunzi akapoteza haki ya kufundishwa.

Wakati huo, kompyuta ndogo maana yake ilikuwa mashine kama PDP-11, yenye ukubwa wa kabati la nguo. Kompyuta ya mezani kama tunavyoijua ilikuja baadaye kidogo, na pamoja nayo likaja soko la kwanza la Unix kwa watu wa kawaida. Aliyelifungua, huenda utashangaa, ni Microsoft. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wake uitwao Xenix, ambao ulikuwa Unix halisi iliyopewa leseni na AT&T. Jina lilibadilishwa kwa sababu AT&T iliuza ruhusa ya kutumia msimbo lakini haikuuza ruhusa ya kutumia jina. Kampuni ya Santa Cruz Operation ya California, iliyojulikana zaidi kwa kifupi SCO, iliuweka mfumo huo katika kompyuta za IBM PC XT mwaka 1983.

Mnunuzi wa zama hizo alikutana na ujanja ambao mpaka leo haujaisha. Leseni ilihesabu vichwa: watumiaji wawili walikuwa na bei yao, na wengi zaidi wakawa na yao. Kikusanyi cha lugha ya C, chombo ambacho bila hicho huwezi kuandika programu mpya, kiliuzwa peke yake. Vyombo vya kuandalia maandishi viliuzwa peke yake. Ilikuwa kama kuuziwa nyumba, ukalipa, ukapewa hati, kisha ukaambiwa milango ina bei yake na madirisha yana bei yake. Halafu, tarehe 1 Januari 1984, AT&T ilivunjwa, kampuni zake za simu za mikoa zikatengwa nayo, na pingu za 1956 zikafunguliwa. Sasa iliweza kuuza Unix kama bidhaa, na iliuza kwa bei ya mtu aliyengoja kwa muda mrefu.

Hapo ndipo watu wakaanza kutafuta njia ya kando. Inayonivutia zaidi ni ile ya kampuni ndogo ya Chicago iliyoitwa Mark Williams. Mafundi wake waliandika mfumo unaofanana na Unix kwa sura na tabia, amri kwa amri, wakauita Coherent. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliuzwa kwa dola 99 na senti 95, pamoja na kitabu kinene cha maelekezo. Kwa bei hiyo mnunuzi alikubali upungufu. Katika toleo la kompyuta za prosesa ya 286, programu moja haikuweza kuwa na zaidi ya kilobaiti 64 za maelekezo, na mawasiliano ya mtandao kama tuyajuayo leo hayakuwamo. Lakini kikusanyi cha C kilikuwamo, bila nyongeza ya bei, na kijana aliyetaka kujifunza kazi aliweza kujifunza.

Coherent ilipotokea kwa mara ya kwanza, katika miaka ya mwanzo ya 1980, AT&T ilishuku kwamba imeibiwa. Ikamtuma Dennis Ritchie mwenyewe kwenda kukagua. Ritchie alisimulia safari hiyo hadharani miaka mingi baadaye. Kwamba mifumo miwili ilifanana halikuwa jambo la kuthibitisha. Mfanano ndio uliokuwa ukiuzwa. Alichokitafuta ni vituko na kasoro ndogondogo alizozijua katika Unix ya wakati ule, kwa sababu mwenye kunakili hunakili na makosa. Fundi cherehani huutambua mshono wake kwa pale mkono ulipoteleza kuliko pale uliponyooka. Ritchie alishawishika kwamba wale vijana waliichunguza Unix kwa undani, lakini hakuona mahali walipoinakili. AT&T ikawaacha. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 1995, na mwaka 2015 msimbo wa Coherent ukatolewa bure kwa umma.

Huko Amsterdam, Profesa Andrew Tanenbaum aliudhika na lile katazo la kufundisha toleo la saba. Akaandika mfumo wake mdogo, Minix, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu cha kiada. Ada yake ilikuwa dola 69 tu, na msimbo wote ulikuwa wazi kusomwa. Hata hivyo haki ya kuusambaza ilibaki kwa mchapishaji. Aliyetengeneza marekebisho aliruhusiwa kuyagawa kama viraka, lakini hakuweza kuugawa mfumo mzima uliokwisha rekebishwa.

Mmoja wa wateja wa Minix alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyenunua kompyuta yake ya prosesa ya 386 mwezi Januari 1991. Tarehe 25 Agosti mwaka huo alitangaza kwamba anaandika mfumo wake mwenyewe kama burudani. Hadithi hii inajulikana, nami sitaikawiza. Lakini kuna jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Leseni ya kwanza ya Linux ilikataza mtu yeyote kutoza fedha kwa kuisambaza. Ilionekana ni ukarimu, kumbe ilikuwa kikwazo: waliotaka kuinakili katika diski za plastiki na kuzigawa kwenye mikutano yao hawakuruhusiwa kurudisha hata gharama ya diski. Mwaka 1992 Torvalds akaiacha leseni hiyo na kuiweka Linux chini ya leseni ya umma ya GNU, iliyoandikwa na Richard Stallman, ambaye tangu mwaka 1983 alikuwa ametangaza mradi wa kujenga mfumo huru unaofanana na Unix. Leseni hiyo inaruhusu kuuza, inaruhusu kubadili, na inaweka sharti moja kubwa: umpaye mwingine programu, mpe na msimbo wake pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe. Linux ilienea kwa kasi baada ya kuruhusiwa kuuzwa. Wanaodhani kwamba programu huria ni programu ya bure tu wangefaa kulitafakari hilo.

Kwa nini Linux, na si ile Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyokuwa imekomaa zaidi? Jibu liko mahakamani. Kwa miaka mingi Berkeley ilikuwa ikiipanua Unix, na mwaka 1991 ikatoa sehemu kubwa ya kazi yake kwa masharti mepesi sana, ikiamini kwamba imekwisha ondoa msimbo wa AT&T. Kampuni iitwayo BSDI ikakamilisha kilichopungua na kuanza kuuza mfumo kwa kompyuta za 386, pamoja na msimbo wote, kwa dola 995. Ilijigamba kwamba hilo ni punguzo la asilimia 99 ukilinganisha na bei ya mfumo na msimbo wa AT&T. Hata namba yake ya simu ya bure ilisomeka kwa herufi kama tangazo la Unix, na jina hilo halikuwa lake. Tawi la AT&T lililomiliki Unix lilishtaki mwaka 1992, kwanza kampuni, kisha na chuo kikuu. Chuo nacho kikashtaki, kikisema kwamba AT&T ilitumia kazi ya Berkeley bila kutaja wenyewe, kama leseni ilivyotaka.

Kesi ikaisha kwa suluhu mwanzoni mwa mwaka 1994. Katika mafaili yapatayo 18,000, matatu yakaondolewa, na mengine yakafanyiwa marekebisho madogo. Matatu! Lakini miaka miwili ilikuwa imepita, na katika miaka hiyo miwili hakuna mtu mwenye hadhari aliyetaka kujenga nyumba kwenye kiwanja chenye kesi. Torvalds mwenyewe aliwahi kusema kwamba kama Unix ya Berkeley ya kompyuta za 386 ingekuwapo alipoanza, huenda Linux isingeandikwa.

Sasa nakuja kwenye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinalibeba soko zima la leseni kwa mkono mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 Unix ya AT&T ilikuwa imeuzwa kwa Novell, na Novell ikauza biashara hiyo kwa SCO. Wakati huohuo zile PDP-11, makabati ya nguo, zilikuwa zinatupwa na vyuo na viwanda, na watu wapenda vya kale walikuwa wanazibeba nyumbani. Mashine walikuwa nazo. Kanda zenye Unix ya zamani walikuwa nazo. Ruhusa hawakuwa nayo. Kisheria, msimbo wa miaka ya 1970 uliokuwa hauna tena faida kwa mtu yeyote bado ulihitaji leseni za maelfu ya dola. Chama chao cha kuhifadhi Unix ya PDP, kilichoongozwa na Warren Toomey wa Australia, kikaandika maombi na kukusanya majina. Mwaka 1998 SCO ikakubali: mtu binafsi, kwa matumizi yasiyo ya biashara, atapata leseni ya msimbo wa matoleo hayo ya kale kwa dola 100.

Kutoka dola 20,000 hadi dola 100, na hakuna kilichobadilika katika programu. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji hakuwa tena na mteja mwingine wa bidhaa hiyo. Mwaka 2001 biashara hiyo ikapita mikononi mwa kampuni ya Caldera, na Januari 2002 Caldera ikatoa barua fupi inayoyaweka matoleo hayo ya kale chini ya leseni nyepesi mithili ya ile ya Berkeley, bila hata senti moja. Yule aliyelipa dola 100 miaka minne nyuma hakurudishiwa, na sijasikia aliyelalamika.

Lakini subiri. Kampuni ileile ya Caldera ilibadili jina mwaka 2002 na kujiita SCO Group. Machi 2003 ikaishtaki IBM, ikidai dola bilioni moja, na baadaye zaidi, kwa hoja kwamba msimbo wa Unix umepenyezwa ndani ya Linux. Agosti mwaka huohuo ikawageukia watumiaji wenyewe. Ikatangaza kwamba yeyote anayeendesha biashara yake kwa Linux anatakiwa kununua leseni kutoka kwake: dola 699 kwa seva yenye prosesa moja, na dola 199 kwa kompyuta ya mezani. Fikiria duka dogo la intaneti, liwe Muscat au Mwanza, lenye seva moja ya mtumba iliyowekewa Linux kwa sababu mwenye duka hakuwa na fedha ya kitu kingine. Leseni aliyodaiwa ingeweza kuwa ghali kuliko seva yenyewe.

Wachache walilipa. Wengi waliuliza swali ambalo kila anayenunua kiwanja Dar es Salaam au Mombasa hujifunza kuliuliza, mara nyingi akiwa amekwisha chelewa: hati iko wapi? Novell ilisema hati iko kwake, kwamba ilipouza biashara hiyo mwaka 1995 haikuuza hakimiliki. SCO Group iliomba hifadhi ya kufilisika Septemba 2007, na Machi 2010 baraza la mahakama huko Utah likaamua kwamba kweli hakimiliki hazikuwa zimehamishwa. Dalali alikuwa akiuza ruhusa ya kuingia kwenye shamba lisilokuwa lake. Mabaki ya kesi dhidi ya IBM yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2021, miaka kumi na minane tangu ilipofunguliwa.

Na mnunuzi wa leo je? Kwanza ajue kwamba jina UNIX sasa ni alama ya biashara ya The Open Group, na anayeruhusiwa kulitumia rasmi ni yule ambaye mfumo wake umepimwa na kupasishwa. Miongoni mwa waliopasishwa ni Apple: mfumo wa kompyuta za Mac ulithibitishwa mwaka 2007. Kwa hiyo mwenye Mac tayari amelipia Unix yenye cheti, ndani ya bei ya mashine, na bei hiyo sote tunaijua. Solaris, iliyokuwa ya Sun na sasa ni ya Oracle, unaweza kuipakua kwa kujifunzia bila malipo, lakini ukiitia kazini katika biashara unatakiwa kuwa na mkataba. Hapa ndipo ninapomsihi msikilizaji asome karatasi kabla ya kubonyeza neno nakubali. Neno bure, katika ulimwengu huu, mara nyingi lina mkia.

Mifano ya mikia hiyo ipo hata katika Linux. Kampuni ya Red Hat inaruhusu tangu mwaka 2021 mtu kuutumia mfumo wake wa kibiashara bila malipo, lakini mwisho ni mashine 16. Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, hutoa huduma yake ya muda mrefu ya marekebisho ya usalama bure kwa mtu binafsi, lakini mwisho ni mashine tano. Si masharti mabaya. Mtu binafsi anaweza kuishi ndani ya mipaka hiyo kwa miaka, ili mradi ajue mipaka iko wapi. Asiyetaka mipaka kabisa anazo Debian, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD, ambazo leseni zake hazihesabu vichwa wala mashine.

Swali hili linatugusa sisi wa ughaibuni kwa namna ya pekee. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na toleo linalofuata linakataa kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi, hata zikiwa nzima. Mashine hizo ndizo zinazoishia katika makontena na mabegi yanayokwenda nyumbani. Huko zinafika aidha na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama, au na nakala ya wizi iliyosheheni virusi. Na shule inayozipokea haina fungu la leseni.

Afrika Mashariki si mgeni katika njia hii nyingine. Kuanzia mwaka 2000, warsha za AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao wa Afrika, ziliwafunza mafundi wa mitandao kwa kompyuta za kawaida zenye FreeBSD. Ubuntu nayo, hadi mwaka 2011, ilituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, na posta ya Afrika Mashariki haikubaguliwa. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakubisha hodi kwa mtu kuomba ruhusa ya kutafsiri, kwa sababu ruhusa hiyo ilikuwamo ndani ya leseni tangu mwanzo. Laiti John Lions angekuwa nayo ya namna hiyo mwaka 1979.

Basi unayepanga kupeleka mashine, chunguza kwanza kama prosesa yake ni ya biti 64. Zile za biti 32 zinazidi kufungiwa milango. Debian toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, haliwezi tena kusimikwa kwenye kompyuta za biti 32, ingawa NetBSD na OpenBSD bado zinazipokea. Ukishajua hilo, pakua mfumo huku ulipo, ambako intaneti ni nafuu, uutie katika kijiti cha USB, uijaribu mashine kwa kuiwasha kutoka kwenye kijiti hichohicho kabla hujafuta chochote. Angalia kama redio ya Wi-Fi inafanya kazi, kwa sababu hapo ndipo mashine za mtumba hukwamia. Kisha kitie kijiti ndani ya begi pamoja na kompyuta. Kwa atakayepokea, kupakua mfumo mzima kwa bando la simu kunaweza kumgharimu kuliko alivyotarajia, ilhali kukinakili kijiti hicho na kumpa jirani ni jambo ambalo leseni imeliruhusu waziwazi.

Na kama mkononi una dola thelathini na tano tu, ile bodi ndogo ya Raspberry Pi iliyotoka Uingereza mwaka 2012 iliuzwa kwa bei hiyo, nayo huendesha Linux. Matoleo yenye nguvu zaidi yamepanda bei. Hata ile ya kwanza ina uwezo wa kuigiza PDP-11 nzima kwa programu, na ndani yake kuendesha lile toleo la saba la mwaka 1979, msimbo wake ukiwa wazi mbele yako, usome utakavyo na umfundishe umtakaye.

Makala haya yanaishia hapo.